Msuli wa Saa Nane Usiku

Usingizi wa mwanafunzi unachagua. Akikaa kuangalia mpira mpaka saa saba usiku, haumsogelei. Akipiga soga bwenini kuhusu shule ya wasichana ya jirani, unapita mbali. Ngoja sasa afungue daftari la Jiografia, ukurasa wa mmomonyoko wa udongo: aya ya kwanza miayo, aya ya pili kope zinagombana, aya ya tatu udenda umeshafika kwenye mchoro wa bonde, na bonde limepata mto wa kweli.

Mimi nilisoma sekondari ya bweni mkoani Njombe, huko juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako mwezi wa saba ukitoa pumzi unaiona. Ndio mwezi wenyewe wa kuhangaika na moko, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na ule wa taifa unakuja Novemba. Prepo iliisha saa nne, taa za bweni zikazimwa, na hapo ndipo wapiga msuli tulipojikusanya kwenye kituo chetu cha siri: stoo ya magodoro chakavu. Sijui nani alipachagua mahali hapo, ila hakuwa na nia njema na elimu yetu. Kila mtu alikuja na blanketi. Bila blanketi ungekufa kwa baridi. Ukiwa nalo, ulishalala kabla hujapata ukurasa.

Mbinu mama ilikuwa beseni la maji baridi. Unatumbukiza miguu, unasoma. Kaka zetu waliotangulia walituapia kwamba beseni halijawahi kushindwa. Na kweli, dakika za mwanzo hakuna anayesinzia. Maji ya Njombe yanapanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye magego, unasoma huku meno yanagongana, unajiona msomi. Lakini mwili si mjinga. Baada ya muda miguu inakufa ganzi, haijui baridi wala joto, na vyote vilivyo juu ya magoti vimefunikwa blanketi zito. Unalala usingizi ambao hata kitandani huupati. Unakuja kushtuka nyayo zimekunjamana, na madesa ya Historia yanaelea.

Hayo madesa yangestahili kuhifadhiwa. Tulikuwa kwenye Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kwa Kiingereza, maana sekondari ndivyo ilivyosomeshwa. Mistari ya juu ya daftari langu ina mwandiko wa mtu mwenye malengo: Kinjeketile, Ngarambe, mashamba ya pamba, kila kitu mahali pake. Chini kidogo herufi zinaanza kuteremka. Halafu Kiingereza kinakatika, Kiswahili kinaingia bila hodi, na sentensi iliyoanza na bunduki za Wajerumani inaishia na "mwambieni shangazi maharage hayajaiva". Baada ya hapo kuna mstari mmoja mrefu wa wino unaotoka nje ya karatasi, na ndio mwisho wa ukoloni. Wataalamu wanasema ubongo uliochoka hujiibia usingizi wa sekunde chache chache hata macho yakiwa wazi. Wangu haukuwa unaiba. Ulikuwa unachukua hadharani.

Mwalimu wetu mmoja alitaka kututia moyo, akatusimulia visa vya Wachina wa kale. Sun Jing alifunga nywele zake kwenye boriti ili kichwa kikidondoka zimvute. Su Qin alijichoma paja kwa msharasi kila aliposinzia. Kwa upande wa paja hakujitokeza mtu. Kwa upande wa nywele, sote tulikuwa vipara kwa amri ya shule. Jamaa mmoja tuliyemwita Profesa hakukata tamaa: alijizungushia tai ya shule kwenye paji la uso, ncha yake akaifunga kwenye nondo za dirisha nyuma yake. Kichwa kikidondoka, tai imvute. Tatizo ni kwamba tai ilifanya kazi vizuri mno. Kichwa hakikudondoka kabisa. Profesa alilala wima, shingo imenyooka, kitabu cha Kemia mkononi, na kiranja aliyechungulia dirishani akaenda kuwatangazia wengine kwamba kuna mtu mle ndani anasoma bila kupepesa.

Kisha ikaja kahawa. Mwenzetu wa Bukoba alitoka likizo na kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa zikaanikwa, ambazo kwao mgeni hukaribishwa nazo. Alituambia moja au mbili zinatosha. Tulichota kiganja. Sasa, siku nzima ubongo hujikusanyia kitu kiitwacho adenosini, na kikizidi ndipo usingizi unakuja. Kafeini haikiondoi, inakalia tu kiti chake, na chenyewe kinabaki mlangoni kikiongezeka. Tena haina haraka ya kuondoka: kwa kawaida saa tano hivi zikipita, nusu yake ingali mwilini. Ukiitafuna saa sita usiku, kengele ya saa kumi na moja alfajiri inakukuta unayo.

Usiku ule hakuna aliyelala, na hakuna aliyesoma. Mioyo ilidunda, mikono ikatetemeka, ukazuka ubishi mkali kuhusu mamba na kiboko nani zaidi, na safari za chooni kwenye ule umande zikawa hazina mwisho. Adenosini ilipoingia hatimaye, ilinikuta mstarini asubuhi, nimesimama, mwalimu akisoma majina ya wachelewaji. Langu liliposomwa niliitika, "Amina."

Profesa ndiye aliyetuletea pia habari za Randy Gardner, kijana wa miaka 17 kule San Diego aliyekaa macho saa 264 mfululizo, kuanzia Desemba 1963 hadi Januari 1964, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya wanafunzi. Siku 11! Tulimheshimu sana mpaka mtu mmoja akauliza kama muda wote huo alikuwa anasoma Jiografia. Hakuwa anasoma Jiografia. Heshima ikapungua.

Kulikuwa na kijana mmoja ambaye saa nne na dakika tano alikuwa anakoroma, na tulimsikitikia sana maisha yake ya baadaye. Alitupita sote kwenye moko. Sipendi kumzungumzia.

Stoo yetu ilifungwa kwa sababu ya beseni. Tulikuwa tumevuta umeme kwa kebo kutoka kwenye holda ya taa ya korido, soketi tukaiweka sakafuni chini ya meza, karibu na miguu. Usiku mmoja mwenye beseni alipitiwa na usingizi, goti likasukuma, maji yakaenda moja kwa moja kwenye soketi. Cheche, mlio, giza bweni zima. Wenzetu waliokuwa kitandani walituambia walisikia na wakaruka juu. Mwalimu wa zamu alikuja mbio na tochi, akafungua mlango wa stoo akitegemea kukuta vurugu, na kwa maelezo yake mwenyewe siku ya pili, alikuta utulivu ambao hajawahi kuuona hata msikitini. Watu wote wamelala. Profesa amelala wima.

Ninavyosikia, mabeseni bado yapo mashuleni, na majumbani pia kila Novemba inapokaribia. Mzazi mwenzangu, ukimkuta mwanao ametumbukiza miguu kwenye maji usiku wa manane, usimkatishe tamaa. Kagua kwanza kebo imepita wapi, ichomoe, ndipo umwamshe.