Namna ya Kubaki na Kiswaswadu Wenzako Wakihamia Tachi

Wakikucheka kijiweni hapa kijijini Kikole kwamba bado unatembea na kiswaswadu, simu ya batani, usikifiche mfukoni. Kiweke juu ya benchi, agiza maji, kisha wewe na mwenye tachi mloweshe vidole na kila mmoja apige namba ya nyumbani kwake. Subiri. Kioo cha tachi hutambua kidole kwa kuwa mwili unapitisha umeme, na maji nayo yanapitisha, kwa hiyo tone moja linaweza kuhesabiwa kidole na namba zikaanza kujibonyeza zenyewe. Kidole kikavu chenye sugu ya jembe nacho hupapasa kioo kisipate jibu. Batani haijali mkono wa nani. Ukiikandamiza, inagusa sakiti iliyo chini yake, unasikia tk, basi.

Ukishashinda, jifunze kupiga bila kuangalia. Tafuta kwa dole gumba kidoti kilichoinuka kwenye 5. Juu yake ni 2, chini ni 8, kushoto 4, kulia 6. Mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji akiwa doria msituni anahitaji macho yake njiani, na msitu anaoulinda una thamani: mwaka 2009 Kikole na wenzao wa Kisangi walipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mpingo wa misitu ya namna hii ndio unaochongwa klarineti huko Ulaya, na klarineti hupigwa kwa kubonyeza vitufe vya chuma huku macho ya mpigaji yakiwa kwenye karatasi ya muziki. Hakuna fundi aliyethubutu kuving'oa akaweka kioo.

Meseji zinataka subira. "Habari" ni mibonyezo 12: 4 mara mbili, 2 mara moja, pumzika, 2 mara mbili, pumzika tena, 2 mara moja, 7 mara tatu, 4 mara tatu. Usiporuhusu lile pumziko la kwanza, A na B zinaungana na kuwa C, na shemeji atapokea salamu asizozielewa. Ndiyo maana meseji za kiswaswadu ni fupi na zina maana. Mtu hapotezi mibonyezo yote hiyo kwa umbea.

Pesa zako ziache humo humo. Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, simu zilizokuwa mikononi mwa watu wengi zilikuwa hizi za batani, na mpaka leo *150*00# inafunguka bila bando. Piga taratibu, jina la mpokeaji likitokea lisome lote, ndipo uweke namba ya siri. Kidole gumba kimoja kibonyeze, kiganja cha pili kifunike.

Tachi ina kazi yake, na nitakuwa mwongo nikikataa. Picha ya mjukuu aliyezaliwa Dar, au habari za mnada wa ufuta kwenye kundi la WhatsApp, hazitakuja kwenye kiswaswadu. Muombe kijana wako akuonyeshe, mshukuru, mrudishie simu yake akaitafutie chaji.

Siku ya kununua, usidanganywe na boksi. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani kwa sababu ya vitu vya kushikika: tochi, batani zilizozibwa vumbi lisipenye, na mbavu zisizoteleza mkononi. Tafuta hayo. Muombe muuzaji aiwashe, kisha bonyeza batani moja moja kuanzia 1 mpaka alama ya reli, hata akianza kununa. Isiyolia tk, mrudishie. Washa tochi, ielekeze chini ya meza yake, na ukiona vizuri mpaka ukutani, lipa.