Heko, Ewe Ungo wa Paani

Wapo watu waliovishwa nishani kwa utumishi mdogo kuliko wa dishi. Pita Magomeni, pita Ng'ambo kule Unguja, au panda ghorofa yoyote ya Mombasa uangalie chini: yamejaa juu ya mabati, yana kutu, mengine yamefungwa kwa waya wa kuanikia nguo. Mvua ni yao, jua ni lao, mavi ya kunguru ni yao. Picha ni ya aliyejilaza kwenye kochi. Na siku picha ikiganda, huyo aliyejilaza ndiye wa kwanza kulitukana.

Basi acheni mimi nilisifu, maana lina mengi.

Kwanza, dishi ndilo lililorudisha ushirikiano katika ndoa. Hakuna kifaa kingine kinachoweza kumpandisha mwanamume mzima juu ya paa, spana mkononi, akapokea amri za mkewe bila kubisha. Yeye yuko juu, mke yuko mbele ya televisheni, na mtoto amesimama mlangoni kupeleka habari. "Imekuja?" "Bado!" "Na sasa?" "Imekuja! Ah, imeondoka! Baba, mama anasema rudi pale pale ulipokuwa!" Pale pale wapi, wakati amesogeza unene wa ukucha tu? Kwenye kioo kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Wa nguvu umefika asilimia 85. Wa ubora ni sifuri. Mke anausoma kwa sauti, na jirani aliyekuja kuazima ndoo anasema huyo anamfahamu, walimchagua uchaguzi uliopita.

Pili, lilitufundisha elimu ya anga bila ada. Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika kwamba chombo kikiwekwa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta kitazunguka sambamba na dunia, na kwa mtu aliye chini kitaonekana kimesimama pale pale. Fundi wa mtaani hajamsoma Clarke, lakini anajua kwamba ukilikosea dishi kwa nyuzi moja tu, kule juu umepotea kwa zaidi ya kilomita 600. Ulikuwa unatafuta mpira, umeangukia mahubiri. Wako watu waliookoka kwa njia hiyo, na nati iliyolegea haijadai sadaka.

Tena sisi wa karibu na ikweta tuna heshima yetu. London dishi hutazama juu ya bati la jirani, kama mtu anayepeleleza. Dar es Salaam, satelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki inakaa karibu na utosi, hivyo dishi lazima lijilaze chali lipate kuiona. Likijilaza linapokea vyote: maji ya mvua, majani ya mwembe, sandali aliyoirusha mtoto. Mwenye akili hutoboa tundu la kutolea maji. Asiye na akili hufuga mbu, na hiyo nayo ni mifugo.

Clarke mwenyewe alikuja kuvuna alichopanda. Mwaka 1975 India ilikuwa ikirusha vipindi vya elimu kwa vijiji vyake kupitia satelaiti ya Kimarekani ya ATS-6, na wahandisi wa Kihindi wakamfungia dishi kubwa nyumbani kwake Colombo. Raha zaidi ni ya Mwingereza mwingine, Stephen Birkill wa Sheffield, aliyejitengenezea dishi lake na kuyanasa matangazo hayo hayo. Fikiria: baridi kali ya Uingereza, mtu kajifungia ndani, anafuatilia vipindi vya wanakijiji wa India. Hakualikwa na hakufukuzwa. Hao ndio masheikh wa tarika yetu.

Kwetu tarika ilichelewa kuingia. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara, ambako televisheni ilihesabiwa kuwa anasa, haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994. Waliokuwa na uwezo walisimika madishi makubwa uani, mapana kuliko jiko la nyumba, na kuanzia hapo hawakukosa wageni. Jamaa waliokata mguu miaka nenda rudi walikumbuka undugu siku ya fainali. Wazee nao walikuwa wameshasimuliwa kwamba kuna watu wanaosafiri usiku kwa ungo na kurudi alfajiri bila pasipoti. Walipoliona lile dude uani hawakushangaa sana.

Na dishi halibagui. Intelsat 20, iliyo nyuzi 68.5 mashariki, inashusha mahubiri, habari na sinema za Kihindi, nyingi bila kulipia. Bibi wa Kizanzibari ambaye hajui Kihindi hata neno moja atakueleza nani kamdhulumu nani, mkwe yupi ana roho mbaya, na kwa nini yule wa sari nyekundu asiaminiwe. Jioni atapigiwa simu na mpwa wake aliyeko Muscat, nao watalijadili jambo hilo kwa uchungu wa wafiwa.

Faida yake kwa siasa ndiyo isiyosemwa. Dishi limetuepusha na mzigo wa kuyajua ya kwetu. Tunajua waziri mkuu wa Uingereza kaulizwa nini bungeni, tunajua theluji imefunga barabara gani Ulaya. Bomba la mtaa likikauka wiki nzima hatuna habari zake, kwa hiyo haliwezi kutuudhi. Diwani apewe nafasi gani katika kichwa kilichokwisha kujaa?

Watasema linakatika mvua ikinyesha. Ndiyo, yale madogo huzimia wingu likinguruma tu. Makubwa ya futi nane, yanayotumia mawimbi marefu zaidi, huvumilia. Lakini kuzimia huko ni rehema. Dakika ya 88, kona inapigwa, radi, kioo cheusi, na watu wa nyumba moja wanatazamana wakagundua kwamba mtoto wa kati ameshabalehe. Hata mwezi wa tatu na wa tisa, jua linapopita nyuma ya satelaiti na kuyafunika mawimbi kwa dakika chache mchana, mimi huhesabu ni likizo.

Sasa kuna vijana wanaolicheka. Wana intaneti, wana vifurushi, kila kitu kiganjani. Haya. Wakibofya mechi wanaambiwa haipatikani katika nchi yao. Wakijaribu kupita mlango wa nyuma, bando linaisha kabla ya mapumziko. Na wanachotazama kinaandikwa mahali: saa ngapi, kwa muda gani, walirudia wapi. Dishi halina mambo hayo. Mawimbi yanashuka, hayapandi. Satelaiti haijui kama upo, umelala, au umeoga. Hata mwenye king'amuzi cha kulipia, kadi ikigoma hugombana na kampuni, wala si na ungo. Ungo umekwisha kuleta vyote, vilivyofungwa na vilivyo wazi, ukavimwaga miguuni kwake. Katika vyombo vyote vilivyotuingizia ulimwengu nyumbani, sijaona chenye adabu kama hicho: kinaleta, hakiulizi.

Kwa hiyo fundi akikushauri uliuze kama chuma chakavu, mlipe nauli yake aende zake. Nunua rangi ya kuzuia kutu, kaza nati zote nne za mguuni, na ukalikate lile tawi la mwembe kabla ya masika.