Ombi la Kulipa Upepo kwa Awamu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira,
Mjini kwetu.

YAH: OMBI LA KUSAIDIWA DENI LA MAJI, NA LA VITU VINGINE VILIVYOPITA KWENYE BOMBA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nakupa pole na majukumu. Kuugawia mji mzima maji ambayo hayapo si kazi ya mtu mvivu. Mimi ni katibu wa maji wa nyumba moja ya kupanga, cheo nilichopewa na wapangaji wenzangu kwa sababu mimi ndiye pekee mwenye daftari. Nyumba ina vyumba sita, familia sita, choo kimoja na dira moja ya maji. Kila mwisho wa mwezi napita mlango kwa mlango nikichangisha, na kila mwezi hakukosi mlango usiofunguka ingawa redio inasikika ndani. Ndivyo deni lilivyokua hadi shilingi 312,000. Hatulikatai. Mmeshatukatia, na hilo pia hatulikatai, maana koki mmeondoka nayo.

Kabla sijafika kwenye msaada, naomba tuelewane tunadaiwa nini hasa.

Mji wetu uko kwenye mgao. Ratiba inasema Jumanne na Ijumaa, bomba lina maoni yake. Maji yakikaribia, mara nyingi saa tisa usiku, bomba huanza kukohoa, kisha linapiga mluzi. Ni hewa iliyojaa kwenye mabomba matupu, inasukumwa na maji yanayoifuata nyuma, nayo inatokea kwetu kwa kuwa tumelala tukiacha bomba wazi juu ya ndoo, ili mlio wa maji utuamshe. Chukua tochi ya simu saa hiyo ukaitazame dira. Utaona kile kigurudumu chekundu kinazunguka kama feni, na kwenye ndoo hamna hata tone. Dira ya aina hii haina pua wala ulimi. Ndani yake mna pangaboi dogo linalozungushwa na chochote kinachopita, na chochote kilichopita huandikwa kuwa ni maji. Mluzi ukiisha, yanakuja maji ya rangi ya chai, hayo nayo yanahesabiwa, kisha kwa saa moja na nusu yanakuja maji yenyewe.

Nimejisomea kidogo kuhusu jambo hili. Bei za maji nchini haziwekwi na mamlaka kwa kuamka tu asubuhi. Lazima mpeleke maombi EWURA, chombo cha udhibiti kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, wadau waitwe ukumbini, watu wanung'unike kwa zamu, ndipo amri ya bei itoke. Ya mji wetu nimeisoma yote. Ina bei ya majumbani, ya biashara, ya taasisi, ya vioski. Upepo haumo. Lakini sikukata tamaa, maana EWURA hudhibiti nishati pamoja na maji, na upepo ni nishati halali kabisa. Kule Mufindi unazalisha umeme. Mdhibiti basi tunaye tayari. Kilichobaki ni ninyi kupeleka maombi ya bei ya upepo, na mimi naahidi kuja ukumbini kuyaunga mkono. Nashauri bei iwe ya chini kidogo, kwa vile bidhaa hii haihitaji klorini.

Jambo la pili halichekeshi sana. Kwenye mji wetu uniti chache za kwanza zina bei nafuu, na kadiri unavyozidi kutumia, ndivyo kila uniti inavyopanda bei. Wazo lenyewe ni zuri: maskini anayepikia na kuogea alipe kidogo, mwenye kumwagilia majani ya bustani alipe zaidi. Tatizo ni kwamba dira inahesabu uniti, watu haiwajui. Familia moja hapa kwetu inatumia uniti kama nne kwa mwezi. Zijumlishe sita, unapata 24, na kompyuta yenu inamwona mteja mmoja tajiri anayeoga mno. Bwana wa mtaa wa juu, mwenye geti la umeme, mke mmoja na watoto wawili wanaosoma bweni, anatumia uniti zake nne tano na kulipa bei iliyotengenezwa kwa ajili ya mama ntilie wa chumba cha tatu. Mama ntilie analipa bei iliyotengenezwa kwa ajili ya huyo bwana. Sijui ni nani aliyewabadilishia ankara, ila kila mwezi wanabadilishana hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye msaada.

Nilifika ofisini kwenu. Ni ofisi nzuri, ina kiyoyozi, ina televisheni inayoonyesha mradi mkubwa ukizinduliwa, na bango lenye picha ya mtoto anayekunywa maji kwenye glasi huku anacheka. Nilichukua namba nikasubiri. Dada wa dirishani alinisikiliza vizuri, sitamsema vibaya, kisha akaangalia skrini na kusema, "Aje mteja mwenyewe." Nikamweleza kwamba mteja mwenyewe ndiye mwenye nyumba wetu, na mwenye nyumba wetu alifariki, Mungu amrehemu. Akatazama tena skrini kwa huruma. Huko kwenye mfumo mzee bado yu hai, bado anaoga, na bado anatumiwa ujumbe wa simu unaomwomba alipe mapema ili kuepuka usumbufu. "Basi leteni cheti cha kifo," akasema, "na barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi." Mirathi yenyewe, Ndugu Mkurugenzi, iko mahakama ya mwanzo, ambako watoto wa marehemu wa mama wawili tofauti wanagombania nyumba hii hii. Kwa hiyo ili familia sita zipate kulipa deni la maji taratibu, kwanza ukoo mzima upatane. Nimewahi kusikia masharti ya mikopo, lakini hili ni la kiwango cha Umoja wa Afrika.

Nikatoka. Getini mlinzi wenu, mzee wa makamo mwenye rungu na kikombe cha kahawa, akaniuliza kama nimefanikiwa. Nikamwambia. Akatazama huku na huku, akasogea. "Mzee wangu, kuna fomu. Inaitwa makubaliano ya kulipa kwa awamu. Njoo Jumatano na mtoto mmojawapo wa marehemu, muone yule wa dirisha la mwisho. Na usiseme umekuja kuomba msaada. Ukisema msaada wanakupa namba ya simu."

Fomu ipo kweli. Haiko ukutani, haiko kwenye ankara, haiko kwenye ule ujumbe wa usumbufu. Anayetangaza huduma yenu bora kuliko zote analipwa na kampuni ya ulinzi. Nimeiona hiyo fomu kwa macho yangu: inataka nusu ya deni ilipwe kwanza kwa mkupuo, halafu iliyobaki ndiyo igawanywe. Mtu mwenye uwezo wa kutoa 156,000 leo hii asingekuwa anaongea na mlinzi.

Tofautisha na upande wa pili wa ofisi yenu, ambako hakuna fomu wala foleni. Kijana wa kukata maji alikuja kwa pikipiki Ijumaa alasiri. Hawa huja Ijumaa alasiri, nami nastaajabia ufundi wa ratiba hiyo: ukienda kulipa umeshachelewa, Jumamosi na Jumapili mwenye kurudisha maji hayupo, na Jumatatu kuna foleni ya wenzako wote waliokatiwa Ijumaa. Hakuuliza kama mteja yu hai. Hakutaka barua ya mahakama. Spana mbili tatu, koki mfukoni, akaweka karatasi chini ya jiwe. Karatasi inasema tukitaka kurudishiwa, kuna na tozo ya kurudishiwa.

Tangu hapo tunanunua madumu. Nakuomba ushike kalamu tuhesabu pamoja, maana nadhani hesabu hii haijawahi kufika mezani kwako. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Muuza maji mwenye guta anatuuzia dumu shilingi 300. Uniti yake basi ni 15,000. Uniti yenu, hata ile ya bei ya juu kabisa ya mteja anayeoga mno, haifiki 2,500. Familia sita zikijibana kwa madumu sita kila moja kwa siku, na hapo nguo zinasubiri, ni 10,800 kwa siku. Kwa mwezi mmoja ni 324,000. Maana yake ndani ya siku 30 tunampa mwenye guta deni lenu lote na chenji juu, na ninyi hamjapata hata senti. Mmemchukua mdaiwa asiye na hela, mkampandishia bei ya maji zaidi ya mara sita, kisha mkakaa kumngoja alipe. Kama kuna shule mnakosomea mbinu hii ya kukusanya madeni, mwenye guta ana haki ya kuwa mgeni rasmi siku ya mahafali.

Na yeye maji anayachota wapi? Nilimfuata. Anayachota nyuma ya shule ya msingi, kwenye bomba lenu lililopasuka, ambalo tumeliripoti hadi mwenyekiti wa serikali ya mtaa amechoka kutuandikia barua. Ripoti za EWURA mwaka baada ya mwaka huonyesha kuwa kiasi cha theluthi ya maji yanayozalishwa na mamlaka za miji hupotea kabla hayajalipiwa. Maji ya nyuma ya shule hayana dira, hayana kontroli namba, hayana mgao, na Ijumaa hayakatwi. Ndiyo huduma yenu ya uhakika kuliko zote.

Najua wenye kutetea wateja huwaletea maneno ya haki za binadamu. Mimi sitakusumbua sana kwa hilo. Mnamo Julai 28, 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 zilisema ndiyo, hakuna iliyosema hapana, na 41 zikakaa katikati. Tanzania ilikuwa kati ya hizo 41, na Kenya pia, kwa hiyo ukitaka kuniambia kwamba sisi hatukusema lolote utakuwa sahihi. Uingereza nayo ilikaa katikati siku hiyo. Tofauti ni kwamba kwao, England na Wales, sheria ya mwaka 1999 imepiga marufuku kumkatia mtu maji nyumbani kwake kwa sababu ya deni. Deni hudaiwa, hata mahakamani, lakini bomba haliguswi. Walituachia sheria nyingi wale; hii waliitunga walipokwisha kuondoka. Afrika Kusini nao walianza mwaka 2001 kutoa lita 6,000 za bure kwa kila kaya kwa mwezi. Sikufichi na linalokufaa wewe: wakazi wa Phiri, Soweto, walipokwenda Mahakama ya Katiba kudai zaidi ya hapo na kupinga dira za malipo ya kabla, mwaka 2009 walishindwa. Kata ukurasa huo uuweke kwenye faili. Lakini hata hao walioshindwa walishindwa wakiwa na lita zao 6,000.

Wala siombi bure. Ninachoomba ni mpangilio wa foleni. Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wote, hata kama ni Ikulu. Sijasikia agizo kama hilo kwenye maji, na madeni ya taasisi za umma kwa mamlaka za maji ni wimbo wa kila bajeti. Nipatieni orodha ya wadaiwa wenu kuanzia mkubwa kwenda mdogo. Kijana wa pikipiki aanze juu. Akifika kwenye shilingi 312,000 za marehemu, kama bado ana spana na bado ana kazi, sisi tutakuwa tumeketi barazani tunamngoja, na chai tutampa.

Wakati tukingoja zamu hiyo, tumekubaliana nyumba nzima, akiwemo yule wa redio, kulipa 30,000 kila mwezi juu ya ankara ya mwezi husika. Fedha ya kwanza iko kwenye bahasha ndani ya daftari langu. Turudishieni koki, ondoeni sharti la nusu, mtuhesabu kama familia sita badala ya tajiri mmoja, na hiyo fomu muibandike pale kwenye bango, mtoto anayecheka atasogea kidogo. Kuhusu upepo, tuko tayari kuulipa mara tu bei yake itakapoidhinishwa, na tunaomba nao uwe wa awamu.

Majibu yaletwe kwa maandishi. Yasiletwe Ijumaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa Maji,
kwa niaba ya marehemu na wapangaji.

Nakala:
EWURA, upande wa maji na upande wa nishati – kwa taarifa.
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa – kwa taarifa.
Hakimu, Mahakama ya Mwanzo – kwa kuharakisha.
Mlinzi wa getini – kwa utekelezaji.