Kwa Heshima ya Hamna

Mtoto katumwa sukari robo dukani kwa Mangi, Tandika. Anasimama mbele ya dirisha la nondo, anafungua kinywa, na kabla hajamaliza salamu jibu limeshatoka: "Hamna." Herufi tano tu. Hakuna samahani wala maelezo ya gari la mzigo lililokwama. Mtoto anarudi mbio nyumbani, na ujumbe unafika kama ulivyotumwa: "Mama, Mangi kasema hamna." Barua ngapi za ofisini hufika zikiwa nzima namna hiyo?

Hata hivyo neno hili linasemwa vibaya. Walimu wa Kiswahili hawalitaki kabisa pale linapotumika kukataa. Kijana wa Mwananyamala anaulizwa, "Umekula?" Anajibu, "Hamna, bado." Mwalimu anashika kichwa. Alipaswa kusema hapana, kwa sababu hamna ni neno la ndani: mtungini hamna maji, mfukoni hamna kitu. Sasa mwalimu atulie kidogo. Kijana kaulizwa kuhusu tumbo, akachungulia humo, hakukuta kitu. Kosa liko wapi?

Kwa kweli wote watatu, hapana, hakuna na hamna, ni ndugu wa ngeli za mahali. "Pa" ni pale panapojulikana, "ku" ni huko kusikodhihirika, "mu" ni ndani. Mwingereza akisema "no" hujui ametafuta wapi. Mswahili, akitaka, anakataa na kukuonyesha alikotafuta. Lakini hao ndugu wawili wakubwa hawakutunza ukoo. Hapana alipandishwa cheo akawa neno la kukataa kila kitu, hata mahali pake akapasahau. Masetla wa Kenya nao wakamchosha kwa "mimi hapana jua". Hakuna alikwenda Marekani. Mwaka 1994 alitokea kwenye filamu ya katuni ya simba akiwa ameshikana mkono na matata, na mwaka 2003 kampuni ya Disney ikapata usajili wa alama ya biashara kwa maneno hayo mawili. Mwishoni mwa 2018 maelfu ya watu walitia saini kupinga usajili huo. Hamna hajasajiliwa na mtu. Yupo Temeke, anafanya kazi.

Na kazi yake ni ya siku nyingi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni, sukari na unga viliadimika, foleni zikarefuka, na hamna akawa muuzaji mkuu wa maduka yote. Hapo ndipo alipopata doa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi, ikaonekana kwamba kwa baadhi ya wafanyabiashara neno hili la ndani lilikuwa la nje tu: mbele ya mteja hamna, stooni bidhaa zimo. Lawama ni za midomo iliyolitumia. Neno lenyewe halikuficha hata mche wa sabuni. Mzee Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 na ruksa zake, bidhaa zilirudi, na hamna hakulalamika kupunguziwa zamu.

Utajiri wake hasa uko kwenye matumizi. Hamna shida, hamna noma. Maji ya mvua yamejaa barabarani Mbagala, bodaboda kapandisha nauli, abiria anashusha pumzi: "Hamna namna," analipa. Dawa ya presha ipi ya bei hiyo? Akazaa hata nomino. Anayejifanya haoni deni lake huambiwa amejitia hamnazo, yaani kichwani hamna zile akili zinazohitajika. Neno la kukanusha limejenga nyumba yake na kupangisha.

Anao pia utani wa kisarufi ambao ndugu zake hawana. Hamna ni mle ndani hamna, na hamna ni ninyi hamna. Konda wa daladala ya Rangi Tatu anaposimama mlangoni, nauli mkononi, na kutangaza, "Chenji hamna!" hakuna wa kumshitaki kwa uongo. Huenda anasema habari za mfuko wake. Huenda anawasema abiria, na hapo ana haki, maana wote wamempa noti kubwa. Yule wa siti ya nyuma atashushwa kituoni na mwenzake asiyemjua, wakabidhiwe noti moja wakagawane wenyewe, waanze kuzunguka kwa wauza maji na vocha kuulizia chenji. Jibu la kwanza watakalopewa linajulikana.

Msomaji anayekwenda Mbagala leo na noti ya elfu kumi aivunje kabla hajapanda.