Bogenvilia ya Mama Mwenye Nyumba

Muhima, mtaa wetu hapa Kigali, ni mlima. Ukiangusha ndimu mlangoni kwetu, kaitafute chini, stendi ya Nyabugogo. Kijia tunachotumia kushukia stendi kimebanwa na ukuta upande mmoja, na upande wa pili kuna bogenvilia ya mama mwenye nyumba, yenye miiba ya kutosha kulinda benki.

Mama anaipenda mno. Kiangazi kilipoanza, mwezi wa sita, kila asubuhi aliimwagia ndoo nzima, nasi wapangaji tunagombania jerikeni. Nikamwambia, "Mama, huu mmea haupendi maji mengi." Akanitazama kama mtu aliyeshauri mtoto anyimwe uji. Matokeo yake yalikuwa majani, matawi na miiba. Ua, hata la dawa.

Mwezi wa saba akaenda Musanze kumuuguza dada yake. Sisi hatukuigusa, mwenye ndoo ya maji alikuwa na nguo za kufua. Mmea ulipoonja kiu ukalipuka zambarau kila tawi. Mama aliporudi alisimama langoni, machozi yakimlengalenga. "Wanangu, mmeitunza kuliko mimi!" Akatugawia viazi vya Musanze. Hakuna aliyemsahihisha. Viazi vilikuwa vitamu.

Kusema kweli, hata hiyo zambarau si maua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati ambacho hakuna anayekitazama. Mmea huu umezoea kudanganya macho tangu zamani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na mwaka 1767 mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philibert Commerson, aliukusanya Rio de Janeiro, akiwa kwenye msafara wa nahodha Bougainville, ambaye mmea ulipewa jina lake. Hata msafarani macho yalidanganywa: msaidizi wa Commerson, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyevaa kiume, kwa sababu meli za jeshi la Ufaransa hazikuruhusu wanawake.

Kwetu lakini, mmea huohuo unawavua watu. Juzi dada mmoja alipita mbio akiwahi basi, tawi likamnyakua wigi. Alishaenda hatua kadhaa ndipo akahisi upepo kichwani. Wigi linaning'inia juu, limetulia, utadhani limepandwa pale. Kijana wa moto, yaani pikipiki ya kukodi, aliyekuwa akingoja abiria akampa ile kofia ngumu ya abiria: "Dada, vaa hii kwanza." Tulilikomboa kwa mpini wa fagio. Basi lilishaondoka, na kijana wa moto akapata abiria.

Dawa ni kuipogoa, na kupogoa huizidishia maua, maana huchanua kwenye machipukizi mapya. Lakini ukitaja mkasi mbele ya bogenvilia, kila mtu anakumbuka mtaro unaohitaji kuzibuliwa. Umuganda, siku ya kazi ya pamoja mtaani, ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwenye glavu za ngozi na roho ngumu aje. Viazi bado vipo.