Namna ya Kupiga Picha Uswahilini Bila Kuonekana

Anza kwa kununua kamera nyeusi, nzito, yenye lenzi ndefu kama mhogo wa Kibaha. Simu haifai, simu kila mtu anayo, utafanana na watu. Vaa kizibao chenye mifuko mingi, shuka mwendokasi Manzese, kata uchochoro wa kwanza, kisha jifanye hupo.

Muda mzuri ni saa sita mchana. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kwa miezi mingi saa hiyo jua liko utosini: mabati yanawaka, na macho ya kila unayempiga yanageuka mashimo mawili meusi. Wazoefu hutoka alfajiri au saa kumi na moja jioni, wakijua jua la kwetu halina mbwembwe za kuzama taratibu. Likianza kushuka ni dakika chache tu, giza. Lakini usiwaige. Saa hizo watu wako kwenye shughuli zao, na hayo ndiyo maisha ya kila siku yenyewe, yatakuchanganya.

Serikali ya mtaa usipite. Barua ya utambulisho ya nini? Vijana wa kijiweni watakupeleka wenyewe kwa mwenyekiti, tena kwa msafara. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila pale kwenye drafti utasomewa toleo lake fupi: “Oya, unampiga nani?”

Sasa tafuta ukuta ulioandikwa “NYUMBA HII HAIUZWI”. Rudi hatua tatu, fumba jicho moja, nyoosha kidole gumba kama unapima. Mji huu unaijua alama ya X nyekundu. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, kupisha upanuzi. Mtu anayepima nyumba kwa jicho moja hakaribishwi kiti. Mwenye nyumba atatoka na bahasha ya kaki yenye karatasi zake zote, na ile sura atakayokuja nayo ndiyo picha bora utakayoipata siku hiyo. Kama utathubutu kubonyeza.

Kwa mama anayepika chapati, usinunue kitu. Anayenunua ni mteja, mteja huzoeleka, na aliyezoeleka hakuna anayemgeukia tena. Wewe simama mbele ya jiko umwambie, “Mama, endelea tu, kama vile sipo.” Ataacha chapati kwenye kikaango na kuingia ndani. Hapo subiri. Atatoka na kanga nyingine, doti mpya bado ina mikunjo ya dukani, uso una poda, hereni zimeingia. Binti atakuwa ameshafagia mbele ya mlango. Ndoo ya maji machafu imefichwa, kiti cha plastiki kimetandikwa kitambaa cha kudarizi, na bibi ameamshwa usingizini aje akae katikati. Wewe ulitaka moshi na jasho, umepewa Idi. Chapati, wakati huo, imeungua.

Ukasirike? Haya. Lakini huku pwani kupigwa picha ni shughuli ya kujiandaa tangu zamani. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930, na sidhani kama kuna aliyekwenda pale na kanga ya jikoni. Anayeng'ang'ania watu wapigwe wakiwa hoi ni mgeni, au wewe.

Watoto sina ushauri. Genge, fundi cherehani, foleni ya madumu bombani: kila picha itakuwa na vidole viwili vimechomoza pembeni.

Ukimaliza, ahidi kwamba utaleta picha, halafu potea. Hii kanuni ishike sana. Yupo anayekosea akazisafisha, akarudi nazo mkononi, akazigawa mlango kwa mlango. Huyo kazi yake imekwisha. Atakaribishwa chai, ataombwa picha ya pasipoti, ataletewa ya marehemu baba iliyoliwa na mchwa aikuze, atapelekwa uani kumpiga jogoo. Na Jumamosi kuna harusi nyumba ya tatu; kwenye bajeti ya kamati, mbele ya neno “kamera”, limeshaandikwa jina lake, na kwenye safu ya gharama, sifuri.