Hongera, Mwenye Noah wa Chiwanda

Rimu zinang'aa, muziki unasikika hadi Mbamba Bay. Oili ya giaboksi tu ndiyo haijabadilishwa tangu gari lishuke melini Dar es Salaam. Ziwa Nyasa liko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, milima ya Umatengo inapita 1,500; nawe unaipanda na abiria wamebanana, magunia ya usipa juu, gia kwenye D mwanzo mwisho. Sasa ukiweka D, gari linatafakari kwanza. Fundi kakwambia ununue giaboksi nyingine ya mtumba, wewe ukanunua spika. (Nazo zinaunguruma, tena vizuri zaidi.) Lami ya kutoka Mbinga imefika Mbamba Bay, kwa hiyo kusingizia mashimo basi. Abiria, hakikisheni kwanza linarudi nyuma, ndipo mlipe nauli.